Unasikiliza albamu gani siku hizi? Dansi, rumba, taarab (taja toleo, si jina tu)

Kanda_Mbili:
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa albamu zinazozunguka kwenu siku hizi. Sharti ni moja: taja toleo. Mtu akiandika "nasikiliza Mbaraka" (Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wa dansi) bado hajasema kitu. Dansi la miaka ya 60 na 70 halikutoka kama albamu. Lilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, wimbo mmoja umekatwa vipande viwili, au lilibaki kwenye kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), zilizorekodiwa ili zipigwe redioni basi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo kazi hiyo ilifanyika Nairobi. Albamu unayonunua leo imeunganishwa baadaye na mkusanyaji, na yeye ndiye aliyeamua usikie nini na ukose nini.

Zangu ni hizi. Super Mazembe, Giants of East Africa, toleo la Earthworks la 2001. Kasongo na Shauri Yako zote zimo. (Kabla hamjaanza kubishana: Shauri Yako ni ya Nguashi N'Timbo, Mazembe waliirudia na ya kwao ndiyo iliyovuma Kenya.) Kisha Francophonic za Sterns, mkusanyiko wa Franco, mfalme wa rumba wa Kongo. Juzuu ya kwanza ni ya 2008 na inaanzia 1953 hadi 1980, ya pili ni ya 2009 na inamaliza miaka ya 80. Kila juzuu ina CD 2. Asiye na Franco hata mmoja nyumbani namshauri aanze na ya pili, kwa sababu miaka hiyo Franco alikuwa akitoa nyimbo ndefu kwenye santuri kubwa, hakuna kukata. Mario ya 1985 inapita dakika 10 na kila dakika ina kazi yake.

Jinsi ya kujua kama umeuziwa nusu ya wimbo: tazama urefu. Upande mmoja wa santuri ya inchi 7 unabeba vizuri dakika 4 hadi 5. Ukiona wimbo wa dansi wa 1975 una dakika 4 na nukta kadhaa, na unafifia pale pale magitaa yanapoanza kuchemka, hiyo ni Sehemu ya 1 peke yake. Maneno umepata, chemko limebaki upande wa B.

FundiSindano:
Mkuu umeanza vizuri. Kwenye mikusanyiko ya intaneti hali ni mbaya zaidi, kwa sababu Sehemu ya 1 na ya 2 zinawekwa kama nyimbo mbili zenye jina moja, halafu simu inazichanganya kwa mpangilio wa alfabeti na msikilizaji anadhani karudiwa.

Ukiwa na pande zote mbili unaweza kuziunganisha mwenyewe, ila usibandike tu mwisho kwa mwanzo. Rekodi pande zote kwa kiwango kimoja cha sauti, usiguse kitufe katikati. Halafu fuata tumba. Gitaa la solo linabadilika kila mzunguko, litakudanganya. Tumba na rizimu ndivyo vinavyorudi sawasawa. Mara nyingi upande A unafifia na upande B unaanza mizunguko michache nyuma, kwa hiyo kuna kipande kilichomo pande zote mbili. Tafuta pigo lile lile la tumba kwenye vipande vyote, kata hapo, na upishanishe milisekunde 20 hadi 50 tu. Watu wanapishanisha sekunde 2 wakidhani ndiyo ulaini, matokeo yake unasikia wapiga drams wawili wanaogombana.

Kama A imefifia kwa muda mrefu, unaweza kuinua sauti hatua kwa hatua mpaka ilingane, lakini mikwaruzo nayo inapanda. Mkia ukizidi sekunde 6 hivi mimi huacha ulivyo, naweka ukimya mfupi na naendelea. Ni heri pengo la kweli kuliko kiraka kinachosikika.

Albamu yangu ya mwezi huu ni Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila, Songs for the Poor Man, Real World, 1989. Ilirekodiwa studio Uingereza, ndiyo maana kila gitaa lina nafasi yake. Isikilize kwanza, halafu weka rekodi yoyote ya RTD ya bendi zetu. Utaelewa maikrofoni chache na bendi nzima inayopiga kwa mkupuo mmoja maana yake nini: besi inaingia kwenye maikrofoni ya mwimbaji, tarumbeta zikianza mwimbaji anarudi nyuma. Mambo ya 1992 ni nzuri pia, lakini kwangu haifiki hapo.

Rizimu_Kavu:
Kwa wanaotaka kusikiliza magitaa, si nyimbo tu, chukueni Les Wanyika. Hakuna tarumbeta, wapigaji ni wachache, kwa hiyo huna pa kujificha. Sina Makosa inabebwa na besi ya Tommy Malanga na rizimu ya Omar Shabani. Solo inapita juu kama mgeni. Ndiyo sababu wimbo huu ukipigwa kwenye spika ya simu unakuwa wimbo usio na miguu. Waya mnene wa besi ukiwa wazi unalia karibu Hz 41, na spika ya simu inaanza kusema kitu mamia kadhaa ya Hz juu ya hapo. Unachosikia ni kivuli cha besi. Tafuta hata spika moja ya inchi 6 yenye boksi la mbao.

Ukitoka hapo nenda kwa Simba Wanyika, Pepea, CD ya 1992. Ndugu wa Kinyonga hao, Wilson kwenye solo na George kwenye rizimu, watu wa Tanga waliopitia Arusha kabla ya kuhamia Nairobi. Zoezi: sikiliza wimbo mzima ukifuata rizimu peke yake. Rizimu ya Wanyika haigongi gumzo zima (noti kadhaa kwa pamoja) kama gitaa la kanisani. Inachambua nyuzi mojamoja na inaacha tundu ambalo besi inalijaza. Wapigaji wapya wanakosea hapo, wanajaza tundu, na wimbo unasimama.

Kisha bendi ya Mlimani Park, ile CD iitwayo Sikinde ya Africassette. Hapo mambo yanageuka: magitaa zaidi, tarumbeta na saksafoni, waimbaji watatu wanne. Msikilize mwimbaji Bitchuka anapoingia juu ya wenzake, halafu subiri mahali maneno yanapokwisha na Michael Enoch wa saksafoni na wenzake wanachukua bendi. Msondo, wapinzani wao, tutawajadili siku nyingine, sitaki vita leo.

BintiMkunazini:
Kaka zangu mmejaa magitaa tu, taarab mmeitaja kwenye kichwa cha habari kisha mkaisusa.

Anayetaka kuanza aanze na Bashraf ya Culture Musical Club, Dizim, 2000. Ni ala tupu, hakuna uimbaji, na hapo ndipo sikio linajifunza nani ni nani. Fidla zote zinakwenda na sauti moja, hazigawani kama kwaya. Kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa) inapiga sauti hiyo hiyo lakini inaipamba katikati ya noti. Akodiani inajaza, udi uko chini, dumbaki (ngoma ya mkono) na rika (tari ndogo) vinaweka mwendo. Ukishavitambua vyote sita, nenda kwenye mfululizo wa CD uitwao Zanzibara, ya 1, ambayo ni Ikhwani Safaa na miaka yao 100, 1905 hadi 2005. Sasa sikiliza jinsi wapigaji wanavyomjibu mwimbaji: yeye anamaliza mshororo, wao wanaurudisha au wanaupeleka mbele.

Na mhesabu maneno. Nyimbo nyingi ni za beti za mishororo 3, kila mshororo mizani 16 iliyogawanywa 8 kwa 8, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Pumziko la kati ndipo mwimbaji anapovuta pumzi na fidla zinapochomekea. Mwimbaji mzuri anachelewa kidogo kwenye kina cha kati na anawahi cha mwisho. Bi Kidude anafanya kinyume mara nyingi, anaupiga mshororo kama ngoma. Yupo kwenye Zanzibara ya 4.

La ufundi: kanuni ndiyo ya kwanza kufa kwenye MP3 za kilobiti 96 na 128. Faili iliyobanwa sana inashindwa na milio inayoanza ghafla, inaipaka tope kabla na baada, na kanuni yote ni milio ya ghafla. Ukisikia kama mtu anamwaga mchanga nyuma ya fidla, tatizo si bendi. Tafuta 256 kwenda juu, au FLAC.

Mwana_Kibokoni:
Hapo sawa, dada. Lakini mwaisahau Mombasa. Zanzibara ya 2 ni taarab ya Mombasa ya 1965 hadi 1975, na ukiisikiliza baada ya Ikhwani utafikiri ni muziki wa nchi nyingine. Wapigaji wachache, mwendo mfupi. Halafu kuna Zein l'Abdin, The Swahili Song Book, Dizim, 1999. Udi wake uko mbele kabisa, si chini kama kwa bendi kubwa za Unguja, kwa hiyo wasikia kidole kikiteleza juu ya waya.

Zuhura Swaleh, Jino la Pembe, GlobeStyle, 1992. Kinacholia kama gitaa lenye meno ni tashkota. Ni kinanda cha nyuzi chenye asili ya Japani: mkono wa kushoto wabonyeza vitufe kama vya taipureta, wa kulia wachapa nyuzi. Haiwezi kuteleza kati ya noti kama udi, kwa hiyo mpigaji hutetemesha mchapo ili noti isife. Mwendo wa chakacha uhesabuni 6, si 4. Anayehesabu 4 atapiga makofi vibaya mpaka harusi iishe.

Na Tanga je? Nyota: Classic Tarab from Tanga, GlobeStyle, 1989, Black Star na Lucky Star. Hawa ndio walioingiza gitaa na besi za umeme mahali pa lile jeshi la fidla. Zanzibara ya 10 yaonyesha jinsi mtindo huo ulivyosambaa, Mombasa na Tanga, 1970 hadi 1990. Rizimu_Kavu, ile besi ya Black Star yakufaa wewe.

Rizimu_Kavu:
Nakubali bila kubisha. Besi ya Tanga inatembea kama ya dansi, juu yake kuna mtu anaimba taarab.

KigodoroBPM:
Wazee shikamooni. Mnaruhusu singeli au nipite?

Sounds of Sisso, Nyege Nyege Tapes, 2017, na Jay Mitta, Tatizo Pesa, 2019. Msiseme ni kelele kabla hamjajua mahali pa kusikiliza. Mwendo unapita mapigo 200 kwa dakika, nyingine zinakaribia 300, na mtu anayejaribu kufuata kila pigo anachoka baada ya dakika 2. Hesabu nusu. Wimbo wa 240 utembee nao kwa 120 na ghafla kiuno kinaelewa. Halafu tegeni sikio kwenye vinanda: vipande vingi ni taarab ya kisasa na mchiriku vilivyokatwa na kuongezwa spidi. Kwa hiyo dada BintiMkunazini, hao ni wajukuu zako.

BintiMkunazini:
Marahaba. Wajukuu wamekunywa nini lakini.

Kanda_Mbili:
Singeli inaruhusiwa, na umetuletea mada yenyewe: spidi. Nusu ya kaseti za zamani zilizopandishwa mtandaoni zimekimbia. Mashine iliyorekodi ilikuwa na mota ya polepole au mkanda uliolegea, au aliyeigeuza kuwa faili alitumia redio kaseti ya sokoni. Mbaraka anasikika kama kijana wa miaka 17. FundiSindano, tuelekeze.

FundiSindano:
Kwanza mashine, ndipo programu. Kaseti inatakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Safisha hedi (kinachosoma utepe) na kile kichuma kinachovuta utepe kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi na pamba ya kijiti. Kigurudumu cha mpira kifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, spiriti ikizidi inaukausha mpira. Mkanda wa mota ukivutika, sauti inayumba. Usijisumbue na programu, badilisha mkanda. Dolby (kipunguza mchwaro) izime, isipokuwa una hakika kaseti ilirekodiwa nayo. Ukiiwasha bure unakata matoazi.

Pili, hedi. Pembeni yake kuna skrubu yenye chemchemi. Geuza sauti iwe mono, weka wimbo wenye hi-hati (matoazi mawili ya drams), zungusha skrubu robo ya robo kwa bisibisi ndogo isiyo na sumaku mpaka hi-hati iwe kali kuliko zote. Kaseti iliyorekodiwa na hedi iliyopinda inataka hedi yako ipinde vile vile. Ndiyo maana kaseti moja inasikika kama imefunikwa blanketi kwenye mashine nzuri, na iko wazi kwenye mashine mbovu.

Tatu, rekodi WAV ya biti 24, kilohezi 48, kilele kisipite -6 dB. Dakika 45 ni kama MB 778. Ukimaliza ndipo urekebishe spidi. Tumia amri ya kubadili spidi, inayosogeza mwendo na mlio pamoja. Ile ya kubadili tempo peke yake au mlio peke yake itakuharibia magitaa.

Kiasi gani? Tofauti ya asilimia 6 ni karibu nusu toni moja kamili. Linganisha na gitaa lililopangwa kwa noti ya A ya Hz 440. Wimbo ukikaa katikati ya noti mbili, shuku asilimia 3.

Rizimu_Kavu:
Hapo nakupinga mkuu. Bendi za zamani hazikupanga kwa 440. Zilipanga kwa saksafoni iliyokuwepo, au kwa kinanda cha ukumbi, au kwa gitaa la mkubwa wa bendi. Taarab ndiyo kabisa, kanuni inapangwa kumfuata mwimbaji. Ukisogeza kila kitu kiende 440 unavumbua bendi ambayo haikuwepo.

FundiSindano:
Kweli, 440 ni ya kushuku tu, si ya kuhukumu. Hakimu ni ule mvumo wa umeme. Umeme wetu Tanzania na Kenya ni Hz 50, na studio za zamani zilivuma. Chukua sehemu ya kanda ambayo hakuna anayepiga, sekunde chache kabla ya wimbo, fungua picha ya masafa kwenye programu ya Audacity, chagua ukubwa wa 65536 ili uone kwa usahihi wa chini ya Hz 1. Tazama karibu na Hz 150, pale mvumo unaonekana vizuri. Ukiona mlima kwenye 150 na mwingine kwenye 154.5, wa kwanza ni wa mashine yako leo, wa pili umo ndani ya kanda. 154.5 gawa kwa 150 ni 1.03. Kanda inakimbia kwa asilimia 3.

Na hapa ndipo wengi wanajikwaa: wanaandika -3 kwenye amri ya spidi. Jibu ni 100 gawa kwa 103, yaani -2.91. Kosa ni dogo kwa wimbo mmoja, lakini upande mzima wa dakika 45 utapishana na nakala sahihi kwa sekunde mbili na zaidi.

Tahadhari: jenereta. Rekodi ya ukumbini iliyotumia jenereta haina Hz 50 ya kuaminika.

Mwana_Kibokoni:
Na santuri za 78? Naisikiliza sana Poetry and Languid Charm, Topic Records, 2007, muziki wa Waswahili wa miaka ya 1920 hadi 1950 kutoka hazina ya British Library. Wapo watu wenye sahani kama hizo kwa wazee wao, na wazipiga kwa sindano ya santuri za kawaida.

FundiSindano:
Waache mara moja. Mfereji wa 78 ni mpana, unataka sindano ya mikroni 75 hivi, ile ya santuri za kisasa ni 18 hadi 25. Sindano nyembamba inazama mpaka chini ya mfereji kwenye vumbi, unasikia mchanga na unakwangua. Uzito pia: sindano nyingi za 78 zinataka gramu 5 hivi, za kawaida 2. Na msidhani 78 ni 78, nyingi za zamani zilikatwa spidi tofauti, chini au juu kidogo.

Kusafisha: sahani za 78 ni lakka, spiriti inaziyeyusha. Maji na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, kufuata mfereji, usilowanishe karatasi ya katikati. Maji yawe yaliyokenekwa. Dukani ukiomba "maji ya betri" hakikisha umepewa ya kuongezea, si asidi. Chupa zinafanana.

BintiMkunazini:
Kwa hizo za mwanzo, jueni kwamba Siti binti Saad na wenzake walirekodi Bombay kuanzia 1928, na upande wa 78 ya inchi 10 ni dakika 3 tu. Wimbo wa harusi wa nusu saa uligeuzwa beti chache. Kwa hiyo usikate shauri kwamba taarab ya zamani ilikuwa fupi; ni sahani iliyokuwa fupi.

Ukitaka kuona nyimbo hizo zikinyooshwa tena, sikiliza Siti of Unguja ya 2020. Anayeimba ni Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad. Besi ni nzito na studio ni ya leo, na wapo wasioipenda kwa hilo. Mimi naipenda kwa sababu wameacha nafasi kati ya beti.

KigodoroBPM:
Kwa hiyo Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2 za 45, kisha beti zilizokatwa za 78. Nani ana Ukumbusho za Mbaraka zenye nyimbo kamili?

Kanda_Mbili:
Ukumbusho ni santuri kubwa zilizokusanya nyimbo zake baada ya ajali ya Januari 1979. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 33 unabeba dakika 20 hadi 22 vizuri. Kwa hiyo gawa: upande wenye nyimbo 2 au 3 unaweza kubeba sehemu zote mbili za kila wimbo, wenye nyimbo 6 hauwezi. Kabla hujanunua mwombe muuzaji apige picha ya karatasi ya katikati, uhesabu nyimbo, na umulike taa kwa pembeni uone mikwaruzo. Na shimo la katikati litazamwe: likitoka nje kidogo, sauti itayumba kila mzunguko na hakuna programu itakayokuokoa kirahisi.